Hedifoni ya kusikilizia na hedifoni ya kazi

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, mbele ya vijana wa kurekodi, waimbaji, wasoma kasida na majirani waliokuja kusikiliza tu. Waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe, nami nayaweka yote kama yalivyotoka.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote?

Bwana mwenyekiti, mama zangu mliokaa safu ya mbele, vijana wangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Naanza na swali. Inueni mikono: nani amekuja hapa leo na iafoni, zile hedifoni ndogo za sikioni, mfukoni au mkobani? Naam, karibu nyote. Sasa shusheni, wabaki wale tu ambao siku walipozinunua muuzaji aliwauliza, "Unazitaka za kufanyia nini?"

Naona mikono miwili. Ukumbi mzima, mikono miwili.

Hilo ndilo lililonileta. Tunauziwa hedifoni kama tunavyouziwa miwani ya jua: rangi gani, bei gani, zinakupendeza au hazikupendezi. Kazi haiulizwi. Na hedifoni zina kazi mbili zisizofanana. Mwenye kuzichanganya hupoteza pesa, au hupoteza kazi, au hupoteza masikio.

Chombo hiki kilizaliwa kazini, ndugu zangu. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa jimbo la Utah, alikuwa akitengeneza hedifoni jikoni kwake, na mnunuzi wake mkubwa wa mwanzo alikuwa Jeshi la Majini la Marekani. Baharia wa redio hakutaka utamu. Alitaka kuinasa ishara hafifu ya mbali katikati ya mikwaruzo. Starehe ilikuja nyuma: John Koss alipoleta hedifoni za stirio mwaka 1958 ili mtu asikilize santuri peke yake, kisha mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman, kile kicheza kaseti cha kubeba, muziki ukatoka sebuleni ukaingia njiani. Tangu hapo tuna ndugu wawili wenye jina moja. Mmoja kazi yake kusema kweli, mwenzake kazi yake kufurahisha. Wote wawili wana heshima yao. Ila usimtume mmoja kazi ya mwenzake.

Niwasimulie nilivyomtuma.

Nilikuwa kijana, nimepewa nyimbo nne za taarab za kuchanganya, yaani kuzisawazisha sauti za vyombo na waimbaji, kwa ajili ya harusi moja ya Majengo. Udi, fidla, tashkota, dumbaki, gita la besi na waimbaji wawili. Kazi ya heshima. Nilikuwa na hedifoni moja kubwa nyeusi niliyoipenda kama roho, besi yake ya kutikisa meno. Nikakaa usiku kucha. Kila nikisikiliza, naona besi imezidi. Napunguza. Nasikiliza tena, dumbaki linavuma mno. Napunguza. Mpaka alfajiri wimbo ukawa mtamu masikioni mwangu, umekaa sawasawa, nikalala kwa raha.

Usiku wa harusi wimbo wa kwanza ukafunguliwa kwenye spika kubwa. Sauti ikatoka nyembamba, kama inatokea ndani ya mkebe wa maziwa. Udi upo, sauti ya mwimbaji ipo, lakini chini hapana kitu. Wanawake waliokuwa wameshasimama kucheza wakatazamana. Shangazi yake bibi harusi akaja mpaka mezani pangu, akainama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ngoma umeziacha nyumbani?"

Ngoma sikuziacha nyumbani. Nilizipunguza kwa mkono wangu, mara baada ya mara, kwa sababu hedifoni ile ilikuwa ikiniongezea besi ambayo haikuwemo kwenye wimbo.

Mama zangu hapa mbele wataelewa upesi kuliko vijana wa kompyuta. Mpishi wa pilau ya harusi ana kipande cha achari ya ndimu mdomoni, chumvi imejaa ulimini. Anaonja sufuria. Atasema nini? Atasema chumvi imetosha, tena pengine imezidi. Wageni wanakula pilau chapwa. Mpishi hakusema uwongo. Ulimi wake ndio uliomdanganya. Je, utamlaumu mchele?

Basi hiyo ndiyo haja ya kwanza ya fundi wa sauti. Anataka hedifoni isiyoongeza chumvi, isiyopendelea besi wala sauti za juu. Msikilizaji anataka wimbo umfurahishe. Fundi anataka wimbo umfichulie aibu zake zote: pumzi ya mwimbaji iliyokatika, kidole kilichoteleza kwenye waya wa udi, feni iliyosahauliwa ikivuma chumbani. Akizijua yeye kwanza, hazitajulikana na mtaa.

Na nisiwadanganye, hedifoni iliyonyooka kabisa, isiyoongeza wala kupunguza, haipo. Kila moja ina tabia yake. Fundi anaizoea hedifoni yake mpaka anajua pale inapotia chumvi kidogo. Ndiyo maana studio na stesheni za redio duniani bado zina Sony MDR-7506, hedifoni iliyotoka mwaka 1991. Haikudumu kwa utamu. Imedumu kwa sababu fundi wa hapa na fundi wa Tokyo wakiivaa wanasikia kitu kimoja, na sponji zake zikichakaa zinanunuliwa nyingine. Kwa fundi, hedifoni inayosema jambo lile lile leo na kesho ni bora kuliko inayong'ara.

Hata hivyo, kijana wangu, usifunge kazi kwa hedifoni peke yake. Ukivaa hedifoni, sauti ya kushoto inaingia sikio la kushoto tu. Kwenye spika, masikio yote mawili yanapata zote mbili, zinakutana hewani kabla hazijakufikia. Wimbo unaoonekana mpana kama bahari kichwani mwako unaweza kusinyaa ukumbini. Mimi kila kazi naipitisha kwenye spika, kisha kwenye simu, na mwisho namwomba dereva mmoja wa tuktuk pale Kibokoni aniwekee kwenye redio yake injini ikiwa inanguruma. Yeye ndiye msikilizaji wa kweli. Akiniambia "maneno sisikii", narudi nyumbani kurekebisha, wala sibishani naye.

Sasa, mafundi wenzangu, tuna ila moja ya kuacha. Tunawadharau wasikilizaji. Kijana amevaa hedifoni zake za besi nene, sisi tunacheka, tunasema hajui muziki. Mimi sikubali. Abiria wa matatu anayetoka Mtwapa kuja mjini amezungukwa na mvumo wa injini, na mvumo ule ni sauti nene, ya chini. Kitu cha kwanza mvumo huo unachokimeza ni besi ya wimbo. Hedifoni inayoongeza besi kidogo inamrudishia kilicholiwa na barabara. Kazi yake ni kumfikisha mjini amechangamka, na inaifanya. Amekosea nini? Kosa ni akiketi nayo studio, kama nilivyoketi mimi.

Jambo la pili ni mgongo. Nasema mgongo kwa maana ya upande wa nje wa hedifoni. Zimo zenye mgongo uliofungwa na zimo zenye mgongo wazi. Za mgongo wazi utaona wavu au matundu kwa nje. Sennheiser, kampuni ya Ujerumani, ndio waliozileta sokoni mwaka 1968, kwa modeli ya HD 414. Zina raha yake. Sauti inapumua, unamwona mpiga fidla kama yuko nawe chumbani, na sikio halichoki upesi. Lakini kinachopumua hakina siri. Sauti ya ndani inatoka nje, na ya nje inaingia ndani.

Alinijia mwalimu mmoja wa madrasa kurekodi kasida. Mzee mpole, sauti yake kama maji ya mtungi. Nikataka kumheshimu, nikampa hedifoni zangu bora kuliko zote, za mgongo wazi. Dufu zilikwisha kurekodiwa, yeye anazisikia masikioni na kuimba juu yake. Akaniomba niongeze sauti kidogo. Nikaongeza. Akaomba tena. Nikaongeza. Akafumba macho, akaimba mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza alikuwa analia, nami nyuma ya kioo nikawa sijiwezi.

Wiki ya pili tukaamua dufu zipigwe upya, kwa kuwa zilikuwa zikikimbia kidogo. Nikaziondoa zile za kwanza, nikaiacha sauti ya mzee peke yake. Nikasikia nini? Dufu. Hafifu, mbali, lakini zipo. Kila alipovuta pumzi, katika ule ukimya, zinagonga: tk, tk, tk-tk. Zilivuja kutoka masikioni mwake zikaingia kwenye maikrofoni iliyokuwa mbele ya mdomo wake. Hazitoki. Ukiweka dufu mpya juu yake, zile za zamani zinakimbia pembeni kama kivuli.

Nikamwita tena. Alikuja, Mungu ambariki, alikuja mara tatu. Aliimba vizuri kila mara. Lakini alivyoimba siku ile hakuimba tena.

Kwa hivyo mbele ya maikrofoni ni za mgongo uliofungwa. Sina mjadala hapo. Na waimbaji mnaopenda kuvua upande mmoja ili mjisikie wenyewe, ule upande mliouvua ukandamizeni kwenye kichwa, nyuma ya sikio, au mwambieni fundi auzime. Ukining'inia wazi unavuja vile vile. Za mgongo wazi ziache ukae nazo kwenye chumba kimya, usiku, unapotafuta kosa dogo. Msikilizaji mwenye chumba chake tulivu na anayependa muziki wa vyombo, naye zitamfaa sana. Za matatu si hizo. Utawasikia abiria wote, nao watausikia wimbo wako wote.

Waya je? Watu huniuliza kila siku: fundi, siku hizi zipo zisizo na waya, mbona wewe bado umefungwa kama mbuzi? Sikilizeni hesabu hii ndogo. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida inaweza kuichelewesha sauti milisekunde 200, sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hesabu ya hewani, hizo ni mita 68 na zaidi. Ni kama unapiga kinanda hapa jukwaani na spika yako iko nje, ng'ambo ya barabara. Unabonyeza, unangoja, ndipo inaita. Nani atapiga taarab hivyo? Lakini anayesikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa hana tatizo, maana wimbo wote umechelewa pamoja, hajui wala hana haja ya kujua. Kwake kukosa waya ni raha tupu, mradi akumbuke kuchaji. Fundi na mwanamuziki, shikeni waya.

Na namba kwenye boksi zisiwatishe. Ile "20 hadi 20,000 hertz", yaani mitetemo kwa sekunde, ni takriban upeo wa sikio la kijana mzima wa afya. Imeandikwa karibu kila boksi, la bei ya chini na la bei ya juu, na haikuambii kama sauti ni nzuri. Namba ya kuitazama ni ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kijana mmoja wa Kisauni aliniletea hedifoni za mtumba za studio, ana huzuni, ameshaingia hasara. "Fundi, zimekufa, sauti haitoki." Nikageuza, nikaona zimeandikwa ohm 250. Nikazichomeka kwenye ampu ya mezani, kile kikuza sauti, nikamvika. Alinyamaza kama dakika mbili, kisha akauliza, "Hizi ni zile zile?" Hazikuwa zimekufa. Simu yake ndiyo iliyokosa nguvu za kuzisukuma. Kwa simu tafuta zenye ohm 16 hadi 32 hivi, utatosheka.

Nije kwenye mwili wa mtu, maana hedifoni hazivaliwi na roboti. Besi inategemea kuziba. Hewa ikipata mwanya kati ya sponji na ngozi, besi inakimbia. Dada zangu wenye mtandio, hedifoni kubwa ikikaa juu ya kitambaa mwanya upo, na wengi wamerudisha hedifoni nzuri dukani wakidhani ni mbovu. Ivaeni chini ya mtandio, au tumieni za kutia ndani ya sikio. Wenye miwani, mkono wa miwani nao unafungua mwanya, kwa hiyo jaribuni dukani mkiwa mmevaa. Na zile za kutia ndani ya sikio huja na vipira vya saizi tatu kwenye boksi, navyo vinatupwa pamoja na boksi! Jirani yangu alilalamika mwezi mzima kwamba zake hazina besi. Tukavisaka vile vipira kwenye droo yake, tukaweka vikubwa, akafungua mdomo akasahau kuufunga.

Tena tunaishi Pwani. Jasho, joto, chumvi ya hewani. Ile ngozi bandia ya sponji inachubuka hapa upesi, unavua hedifoni una vipande vyeusi mashavuni. Kabla hujanunua, uliza: sponji zinabadilishika? Kebo inachomoka? Kama havibadilishiki, umenunua kitu cha muda. Na kebo ikikatika karibu na jeki, ile ncha ya kuchomeka, usiitupe. Mpelekee fundi, ila mtazame anavyofanya. Nyaya za ndani ni nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani na rangi ya shaba, na zimepakwa vanishi inayozuia umeme. Asipoichoma ile vanishi kwanza, risasi ya kuungia haitashika, na kesho utarudi. Fundi anayezichoma nyaya kwa subira, moja moja, huyo mshikeni.

Sasa nafika kwenye lililonikosesha usingizi nilipokuwa nikijiandaa kuja hapa. Masikio yenyewe.

Mwalimu wangu wa kazi hii, simtaji jina, alinifundisha yote niliyo nayo. Alikuwa akifanya kazi na hedifoni saa kumi kwa siku, sauti juu, kwa sababu studio yake ya kwanza ilikuwa juu ya barabara yenye malori. Miaka ikapita. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba kazi zake zina makali, herufi "s" inachoma, matoazi yanakata. Mimi nilikaa naye, nikaona anavyofanya: anaongeza sauti za juu, anasikiliza, anaongeza tena. Alikuwa akitafuta kitu ambacho kwenye wimbo kilikuwepo, lakini kwake kimeondoka. Siku moja mjukuu wake akamwambia, "Babu, shika." Yeye akajibu, "Afike nani?" Mtoto akarudia. Akajibu vile vile. Hapo akanitazama mimi, na sote wawili tukajua.

Ndani ya sikio, pale penye umbo la konokono, kuna seli zenye vinywele, kiasi cha 16,000. Kelele ikizivunja, hazioti tena. Na za sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka, zile zinazotenganisha "s" na "f", "shika" na "fika". Ule mlio wa "nziii" unaoupata usiku baada ya kelele si uchovu. Ni sikio linakulalamikia. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado halijafa, basi lisikie.

Dawa yenyewe ni hesabu, na ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni salama. Kila ukipandisha desibeli 3, muda unakatika nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Desibeli 89, saa 5 kwa wiki nzima! Na desibeli 3 kwa sikio ni kitu kidogo sana, ni kidole kimoja kwenye kitufe. Simu nyingi za leo zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiwekeni leo, na wekeni kwenye simu za watoto kabla ya zenu.

Lakini kwa nini tunapandisha sauti? Si kwa ujeuri. Tunashindana na kelele. Msikilizaji wa Mombasa anahitaji kwanza kuziba, kabla ya besi na kabla ya rangi. Vipira vinavyokaa vyema vinatosha wengi. Mwenye uwezo achukue zile zinazofuta kelele. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, aliipata fikra hiyo ndani ya ndege mwaka 1978, mvumo wa injini ulipomharibia muziki. Maikrofoni ndogo inasikiliza kelele ya nje, hedifoni inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawili yanauana. Kwa mvumo wa injini ni hodari. Kwa honi na maneno ya watu si hodari sana. Ukiziba kelele, sauti ya chini inakutosha, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ukifika Mwembe Tayari kuvuka barabara, vua. Honi ya pikipiki haina subira. Na wewe fundi, usichanganyie wimbo ukiwa umewasha kifuta kelele, kwa sababu na chenyewe kinatia mkono kwenye sauti.

Mafundi, pumzisheni masikio dakika kumi kila saa. Fanyeni kazi kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu akiingia na kuwaita kwa jina mnageuka. Mwalimu wangu yuko hai, nyumbani kwake, na kila Ijumaa ninakwenda kumtembelea. Tunaongea nimekaa upande wake wa kulia.

Bwana mwenyekiti, nimeonyeshwa saa. Pale mezani nimeweka hedifoni nne: mbili za mgongo uliofungwa, moja ya mgongo wazi, moja isiyo na waya, na kinanda kidogo cha kuujaribu ule ucheleweshaji kwa vidole vyenu wenyewe. Wimbo ni mmoja kwa zote. Sauti nimeshaiweka, msiipandishe. Dada wenye mtandio waanze, kioo kiko chumba cha nyuma. Na ile nyeusi ya mwisho, kebo yake nimeiunga jana, ishikeni kwa jeki, msivute waya.